Kinda Mwenye Siku Mbili za Kuzaliwa

Daktari wa timu alisukuma komeo, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na kipa wake, kisha akauliza swali ambalo mimi na wewe tumelala nalo wiki nzima.

"Kinda, hivi wewe umezaliwa lini?"

Tulimwacha kijana wetu juu ya kitanda cha huduma ya kwanza, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, na yuko hapo hapo mpaka sasa.  Bandeji za kabatini, mizani ya kona, chupa za dawa ya kuchua, vyote anaona vinamtazama yeye.

Na wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita liliazimwa na jirani halikurudi, shika haya machache twende pamoja. Huyu ni kipa wa timu ya vijana. Klabu nzima inamwita Kinda, na klabu nzima inajua ana miaka kumi na tisa. Ukweli ni kwamba ana ishirini na nane. Alikuwa fundi rangi wa nyumba, anadaka mpira siku za mapumziko tu, mpaka Katibu wa klabu alipomwona akiruka. Katibu akamuuliza umezaliwa lini, na kabla hajafungua mdomo akamwonya, "Usinijibu haraka. Fikiri vizuri."

Akafikiri vizuri. Akajibu kwa tarehe ya mdogo wake.

Tarehe hiyo Katibu ndiye aliyeichagua, maana Katibu ni mtu wa hesabu ndefu. Tarehe ya kubuni, alisema, haina mwenyewe, mtu akiichimba kidogo tu imekwisha. Lakini tarehe ya mdogo mtu ina mama. Na mama wa Kinda ni mwanamke asiyejua uongo hata ule mdogo wa kumfukuza mgeni. Akiulizwa kama siku hiyo alijifungua mtoto wa kiume, ataapa kwamba alijifungua, na atakuwa hajakosea hata nukta. Mdogo mtu mwenyewe, ambaye ni kinyozi, alibaki hana umri, ikabidi apewe wa kaka yake. Tangu siku hiyo, mbele za watu, Kinyozi ndiye mkubwa.

Sasa usiniulize sura inaruhusu vipi. Mungu alimpa Kinda mashavu yasiyozeeka, ila kidevu akampa cha mtu mzima. Ananyolewa asubuhi, ananyolewa tena kabla ya mechi, na mechi ikienda muda wa nyongeza anaanza kumwomba refa kimoyomoyo apulize kipenga, kwa sababu anahisi ndevu zinaota.

Yote hayo angeyavumilia. Kinachommaliza ni Daktari.

Daktari ni binti wa miaka ishirini na sita, ana kicheko kinachoanzia mabegani, na Kinda anampenda mpaka chakula hakishuki. Na kila asubuhi ya Mungu, uwanjani, mbele ya timu nzima, mwanaume huyu lazima asimame wima amwamkie shikamoo.

"Marahaba, mdogo wangu," Daktari humjibu, kisha humpapasa kichwani.

Mdogo wake! Mtu aliyemzidi miaka miwili, mtu aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba, kufiwa na baba na kuachwa na mchumba, anapapaswa kichwa kama mtoto aliyemaliza uji. Ndiyo maana usiku hageuki kitandani bila kuapa kwamba kesho atamwambia Daktari umri wake wa kweli. Na ikifika kesho, anakumbuka kwamba akishautaja tu, golini hakanyagi tena.

Basi, rudi chumbani. Swali bado liko hewani.

"Tarehe tatu, mwezi wa kumi na..." Kinda akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. "Tarehe kumi na nne. Mwezi wa tisa."

Daktari akafungua droo. Kinda akafumba macho, akijua sindano hiyo, au barua ya kufukuzwa. Alipoyafumbua aliona gazeti. Gazeti hili hili, msomaji wangu, limekunjwa kwenye ukurasa wa nyota.

"Nilijua tu," Daktari akasema, uso umemkunjuka. "Mashuke."

Kumbe alikuwa anataka kuhakikisha siku ya keki. Tarehe kumi na nne inaangukia Jumamosi, timu haina mechi, na Katibu amemdokeza kwamba kinda wa klabu anatimiza miaka ishirini. Ameshaongea na mpishi. Komeo alilisukuma ili wenzake wasisikie, iwe ya ghafla kwao wote. Akamsomea na nyota yake. Watu wa Mashuke ni wasafi, wanapenda mama zao, hawapindishi neno, na mambo ya moyo huwajia wakiwa wameshakomaa, kwa hiyo wasikimbizwe. Daktari akaona imempata Kinda kama vile aliyeandika alikaa naye meza moja.

Kisha, kwa jinsi mtu anavyoongea na mtoto, bila kujiangalia, akajieleza yeye. Nyota yake ni Kaa. Kaa huendana na Nge, na tangu asome hivyo hajakutana na Nge wa maana hata mmoja. Alimpata mmoja mwaka jana, muuza dawa, mtanashati, akamwapia ni Nge wa kuzaliwa. Karibu wavishane pete. Siku moja dada wa yule bwana akaropoka siku ya kuzaliwa ya kaka yake mezani, na ikabainika ni Punda. Alikuwa amejua Daktari anatafuta Nge, akajigeuza Nge.

"Hakunipiga, hakuniibia," Daktari akasema. "Lakini mtu anayenidanganya siku aliyozaliwa, kitu gani kingine ataniambia kweli? Wewe ni mdogo, hutanielewa."

Kinda alimwelewa mpaka mgongoni. Tarehe tatu, mwezi wa kumi na moja. Nge kamili, wa haki, amekaa kitandani pale na soksi yake mkononi, na hana ruhusa ya kusema.

Alitoka mle mbio mbio, moja kwa moja hadi ofisi ya Katibu chini ya jukwaa la mashabiki, mahali ambapo mipira mibovu na vikombe vya zamani vinagombania nafasi. Akaomba sherehe ifutwe. Mwambie nina homa, mwambie nimefiwa, mwambie lolote.

Katibu akacheka. Huyu bwana alifikisha miaka hamsini na nane siku nyingi, akaona panamfaa, akakaa hapo hapo, na kila mwaka kustaafu kunapita nje kunamwacha. Kwa hiyo kwenye mambo ya umri ni bingwa. Alimweleza Kinda kwamba umri uliokwisha kuimbiwa na kukatiwa keki hauulizwi tena na mtu, maana kila mmoja anakuwa ameula. Wazo la sherehe, akakiri bila aibu, ni yeye aliyelipanda kichwani mwa Daktari.

"Na ili ikolee," akaongeza, "nimemwita mama yako."

Kinda alikaa juu ya mpira usio na upepo, ukatoa mlio wa kusikitisha.

Alimkumbusha Katibu mama ni mtu gani. Akiulizwa tu mwanao ana miaka mingapi, imekwisha, wote tunarudi nyumbani. Katibu akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyefurahi kuulizwa. Hilo ameshalifikiria. Amempigia mama simu akamwomba asidanganye hata neno moja. Akipewa nafasi ya kuongea, asimulie jinsi alivyojifungua siku ile, tarehe ile ile, kama ilivyokuwa, halafu akae.

"Mama yako hawezi uongo, mimi nimempa ukweli," akasema. "Hapo atakosea wapi?"

Kinda alitafuta pa kukosea hakupaona. Akapumua. Hata mimi ninayekusimulia, siku ile ningepumua.

Jumamosi ikafika. Bwalo la wachezaji lilikuwa limepambwa mpaka likajisahau. Meza zimeunganishwa ikawa moja ndefu. Daktari amepuliza glovu zake za mpira, zile za kupimia wagonjwa, akazining'iniza darini badala ya maputo, vidole vyote juu, kama darasa zima linalojua jibu. Keki imechorwa nyavu za goli kwa sukari nyeupe.

Mama akaingia na mkoba wake kifuani, amevaa gauni la kutokea. Nyuma yake Kinyozi, ambaye ndiye mwenye siku hasa, siku yake ya kweli ya kuzaliwa, na hakuna aliyemwambia hongera. Alikuwa amefuga sharubu kwa kazi hiyo maalumu. Usimwonee huruma. Alikuwa amekuja kujilipa.

"Shikamoo, kaka," Kinda akasema.

 Kinyozi alimwacha kaka yake mkubwa ainame pale watu wamwone vizuri.

"Marahaba, mdogo wangu. Unawasikiliza wakubwa?"

Kinda akasema anawasikiliza. Akaulizwa kama anakula. Kama anaoga. Kama analala mapema. Akaulizwa kama ameshapata mchumba, na kabla hajajibu akakatazwa, asubiri, bado mdogo. Daktari alikuwa kando na sahani za plastiki, akaunga mkono kwa moyo wote, akasema hata yeye humwambia hivyo hivyo. Kinda alimwangalia mdogo wake kwa jicho ambalo miaka kumi na mitano iliyopita lingefuatiwa na kofi. Mama akatazama dari.

Katibu akagonga glasi kwa kijiko. Akamsifu Kinda, akasifu malezi, akasifu vijana wa leo, mwisho akasema kabla ya mishumaa, tumsikie aliyemleta duniani. Mama, tusimulie siku ile.

Mama akasimama. Aliagizwa ukweli, na ukweli ulikuwa umemjaa mdomoni tangu alipotoka nyumbani. Alianza vizuri sana. Alitaja tarehe, Katibu akakonyeza. Akasema mvua ilianza alfajiri, baba yao yuko kazini mbali, na uchungu ulimshika mapema kuliko alivyotegemea. Nyumbani hapakuwa na mtu mzima hata mmoja.

"Nilikuwa na mwanangu wa kwanza tu. Alikuwa na miaka minane. Nikamwambia, mwanangu, kimbia ukamwite mkunga."

Mtoto akakimbia peku kwenye tope. Akamkuta mkunga, lakini mkunga alikuwa mama mnene, kukimbia hawezi, na mtoto hakuwa na subira ya kutembea naye. Akamwacha njiani, akarudi peke yake kumwambia mama yake avumilie, anakuja. Mama alikuwa anavumilia. Aliyekuwa hataki kuvumilia ni yule wa tumboni.

Kinda, kwenye kiti chake cha heshima, akaanza kuona linakuja. Kuna mashuti kipa huyaona mapema kabisa, tangu mguu wa mpigaji, na bado miguu yake mwenyewe ikakataa kumsogeza.

"Nikaona ananyoosha mikono," Mama akasema. "Sikumwambia. Hakuna aliyemfundisha. Akamdaka mdogo wake. Mkunga alipofika mlangoni alimkuta amekaa chini kamkumbatia, hataki kumwachia mtu."

 Hata wale mabeki wawili waliokuwa wanaivizia keki kwa vidole waliacha kuvizia, na mmoja alikuwa anajifuta macho akisingizia vumbi.

Mama amekisimulia kisa hiki maisha yake yote, kwa majirani, kwa mashemeji, kwa abiria wenzake. Na kila akifika hapo kuna jambo hulifanya, hulifanya bila kulifikiria. Machozi yanamtiririka, akanyoosha mkono juu ya keki, akaivuta mikono ya Kinda, akaibusu.

"Mikono hii hapa," akasema.

Msomaji, hebu piga hesabu nami. Aliyezaliwa siku ile ndiye mwenye keki. Aliyemdaka ni kaka yake. Na mama ameibusu mikono ya mwenye keki.

Katibu aliruka kutoka kitini kama kijana, jambo ambalo hata kwenye makaratasi yake hakuwa. Akapaza sauti kwamba mama amezidiwa na furaha, kwamba anachomaanisha ni mikono ya ukoo, imerithiwa, huyu kairithi kwa yule! Kinyozi naye, kwa kukanyagwa mguu chini ya meza, akainuka akapunga mikono yake hewani. Timu ikampigia makofi. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyepigiwa makofi kwa kujidaka mwenyewe siku aliyozaliwa.

Wimbo ukaanza, mishumaa ikazimwa, keki ikavamiwa. Wachezaji wa umri ule ukiwapa hesabu na keki kwa pamoja, hesabu inasubiri.

Mtu mmoja tu hakuigusa keki. Daktari alikuwa ameganda na kisu cha plastiki mkononi, macho kwenye mikono ya Kinda. Akaiweka sahani chini. Akamwambia Kinda, kwa sauti ya kawaida kabisa, amfuate chumba cha huduma ya kwanza.

Safari hii hakufunga komeo. Wala hakukaa.

"Mama yako alishika mikono ya nani?"

Hapo Kinda alikuwa na njia mbili. Katibu alikwisha kumwonyesha moja, ya ukoo na urithi. Angeweza kuipita akatoka na goli lake, na jina lake, na kichwa chake cha kupapaswa. Alimtazama Daktari, akakumbuka yule muuza dawa, akachoka. Alichoka ghafla, kama mtu aliyebeba gunia safari ndefu akaona mahali pa kulitua.

"Yangu," akasema.

Akamweleza yote. Rangi za nyumba, Katibu, mdogo wake, kidevu. Miaka ishirini na nane. Alipomaliza, alishangaa kwamba hakuna ukuta ulioanguka.

 Hasira ikampanda Daktari, na haikupandia pale Kinda alipotegemea. Habari za mpira hakuzigusa kwanza. Alikumbuka shikamoo zote. Alikumbuka ile siku aliyolia mbele yake juu ya muuza dawa mpaka kamasi zikamtoka, kwa sababu alidhani analia mbele ya mtoto. Alikumbuka alivyomfundisha namna ya kufunga kamba za viatu zisifunguke. Alikumbuka alimfunga mwenyewe.

"Na ukaninyooshea mguu," akasema.

"Nilinyoosha."

"Mzee mzima."

"Nilipenda unavyofunga."

Bega la Daktari lilicheza, kidogo tu, pale kicheko chake huanzia. Akalizuia. Akageukia dirishani, na akiwa amempa mgongo akamuuliza, basi siku yako ya kweli ni ipi.

Kinda akaitaja. Aliitaja polepole, kwa utamu, maana tangu ajiunge na klabu hakuwahi kuitamka mbele ya mtu. Tarehe tatu. Mwezi wa kumi na moja.

Daktari akahesabu miezi kwa vidole.

"Nge," Daktari akasema.

Akageuka, na uso wake haukuwa ule wa mara ya kwanza. Ulikuwa umefungwa. Alimkumbusha Kinda kwamba ni yeye Daktari mwenyewe, kwa mdomo wake, aliyemwambia anatafuta Nge. Alimwambia humu humu, kwenye kitanda hiki hiki. Na leo, siku chache tu baadaye, mtu aliyekuwa Mashuke amekuwa Nge. Kama kuna kitu kimoja muuza dawa alimfundisha, ni kutokula chakula hicho mara mbili.

Maji yakamfika Kinda shingoni. Kumbe mtu anaweza kusema kweli ikafanana na uongo wa mwingine! Akajitetea, akakwama, akajitetea tena. Mwisho akashika la uhakika.

"Muulize mama," akasema. "Twende sasa hivi umuulize yeye. Akishakujibu, nitakwenda kwa kocha kwa miguu yangu nimrudishie glovu. Sitaki goli. Nataka unione."

 Na wewe ungekuwepo ungeona kwamba Daktari alitaka kuamini. Alitaka sana, mpaka akaona aibu, akatangulia mlangoni.

Walimkuta Mama nyuma ya jiko, kwenye benchi karibu na masufuria yaliyoanikwa, mkoba magotini. Kinyozi alikuwa kando yake anafuta krimu kwenye sharubu. Katibu alikuwa anaondoka hapo, amebeba sahani yake, na alipopishana na Kinda alimfinyia jicho. Kinda hakujali kufinyiwa. Alikuwa na mama yake, mwanamke asiyejua uongo, basi ana nini cha kuogopa?

Daktari alichuchumaa mbele ya benchi, akamshika Mama magoti kwa adabu. Akamwomba amwambie yeye tu, halitatoka hapo.

"Mama, mwanao wa kwanza ni yupi?"

Mama akamtafuta Kinda kwa macho. Kinda akamtikisia kichwa. Yeye alimaanisha, sema mama, sema ukweli, niokoe. Lakini mama alikuwa ametoka kukalishwa na Katibu, ameambiwa kwamba kwa kinywa chake nusura amfungishe mwanawe, kwamba mpira ungeisha leo na jela ingeanza kesho, kwamba mama mwenye mapenzi anajua wapi pa kunyamaza na wapi pa kujibu. Alipoona mwanawe anatikisa kichwa, alielewa naye anamwomba aseme kama Katibu alivyomwagiza.

 Akainua mkono, akauweka kwenye bega la Kinyozi.

"Huyu," akasema. "Mkubwa wangu ni huyu."

Hata Kinyozi alishtuka. Aliacha kufuta sharubu, akamtazama kaka yake.

Miaka yote ile hajawahi kusema uongo, na siku anaanza akauchagua huu. Mama, jamani! Kinda alimwita mama yake kwa sauti ndogo, akamwambia hapana, sema ile ya kweli, mimi nimeshakubali. Mama akalia. Akamshika shavu, lile shavu lisilozeeka.

"Wewe bado mdogo, mwanangu," akamwambia. "Wewe bado mdogo sana."

Daktari akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kinda. Alijipangusa magoti. Akasema muuza dawa angalau hakumsingizia mama yake. Alipiga hatua mbili kuelekea uwanjani, akasita, akarudi, akasimama karibu na Kinda kuliko alivyowahi kusimama. Akaweka kidole kimoja chini ya koo lake, pale mifupa miwili ya mabega inapokutana na kifua.

"Huu unaitwa mtulinga," akasema. "Mifupa yote mwilini huacha kukua mapema, huu ndio wa mwisho. Mtu wa miaka ishirini, ncha yake bado iko wazi. Mtu wa ishirini na nane umeshafunga. Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali, unapigwa picha, nami nitaisoma mwenyewe. Mama anaweza kukutetea. Mfupa hauna mama."

Kinda alimeza mate, na kidole kikapanda na kushuka.

"Na ukiwa wazi?"

"Usinisemeshe tena mpaka ufe."

"Na ukiwa umefunga?"

Daktari hakuondoa kidole. "Ukiwa umefunga, nakutoa kwenye timu kwa mkono wangu, na Katibu wako namtoa naye." Akatazama pembeni. "Halafu jioni uje nyumbani kwetu. Uje umevaa kama mtu mzima, maana baba yangu atakuwepo."

Akaondoka. Mama alikuwa bado analia kwenye benchi, Kinyozi amemshika mkono. Bwaloni wenzake walikuwa wanamwita aje afungue zawadi. Kinda alibaki kati ya masufuria, vidole shingoni, anaupapasa ule mfupa huku na huku, anatafuta ncha. Na kipa aliyeishi kwa kuiba miaka akamwomba Mungu, kwa moyo wake wote, awe amezeeka.